Azania Front si kanisa la Wajerumani

Juzi nilipita Azania Front, kanisa la Kilutheri la Kivukoni, Dar es Salaam, nikamsikia mwongoza watalii akiwaambia wageni wake, "Hili ni kanisa la Wajerumani." Wakapiga picha za mnara, wakaondoka. Mlango ulikuwa wazi, hata mmoja hakuchungulia ndani. Iliniuma.

Walilijenga Wajerumani, sawa. Wamisionari wao walianza kulijenga mwaka 1898, Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya koloni lao. Mnara ule mweupe, vigae vyekundu, na vile vipaa vidogo juu ya madirisha ni vya kwao. Ni mzuri, sikatai. Ukiwa kwenye pantoni kutoka Kigamboni bado unautafuta kwa macho, hata sasa maghorofa yameuzidi urefu.

Lakini Mlutheri gani analijua kanisa lake kwa vigae? Tunalijua kwa kuimba. Kaa mle ndani kwaya inapoanza, sauti nne, besi wakitangulia na kuta zikiurudisha mlio. (Spika kubwa humo ndani sizitaki, na sibadili msimamo.) Matarumbeta nayo yaliletwa na wamisionari, leo ni ya vijana wetu: asubuhi ya Pasaka ni wao, harusini ni wao, na msibani ni wao wanaotutangulia kwenda makaburini.

Tena hatukupokea tu. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akisomea uchungaji katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, aliandika wimbo "Mfurahini, Haleluya" kwa mahadhi ya Kihaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, namba 116. Kila Pasaka wajukuu wa wale waliotujengea mnara wanamwimbia Kristo mfufuka kwa wimbo uliotoka kwetu! Mtoto wa kipaimara asiyefundishwa hilo ameibiwa urithi wake.

Tangu 1963 KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ni kanisa linalojiongoza, na Azania Front ni kanisa kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Basi tuliseme hivyo. Pale mlangoni pawekwe maelezo ya Kiswahili yanayowataja waimbaji na watunzi, si mafundi wa 1898 peke yao. Na ile ogani ya mabomba iliyoundwa kwa mkono, ikipigwa kwenye tamasha, kazi za watunzi wa Bukoba, Moshi na Njombe ziwe kwenye ratiba, tena ziwe za kwanza.