Sebule Yangu Imegeuzwa Lokesheni

Mpwa wangu anasoma mambo ya filamu chuoni, na wameambiwa kila mmoja atengeneze filamu fupi yake ya kwanza. Basi kaja na sauti ile ya mtu anayetaka kitu. "Shikamoo Anko. Tunaomba sebule tu, jioni tushamaliza." Jioni ya mwezi gani, hakusema.

Wakaingia vijana na mabegi meusi. Cha kwanza, wakazima feni, eti maiki inasikia upepo. Madirisha wakafunga kwa ajili ya bodaboda. Nyumba ya bati, Mbagala, mwezi wa pili, saa saba mchana, feni inazimwa ili mtu aseme "nakupenda"! Kijana wa watu anatamka mapenzi huku jasho linamtoka kama anayedaiwa kodi ya miezi sita.

Na kelele ziliisha? Thubutu! Wakisema tu "kimya, tunarekodi," anapita muuza kahawa anagonganisha vikombe. Akitokomea, anakuja yule wa kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni. Halafu kunguru juu ya bati. Kunguru hawa Waingereza waliwaleta Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Takataka bado zipo, kunguru wameingia kwenye uigizaji. Mke wangu akatoka na ufagio kuwafukuza, matusi aliyowatukana yakarekodiwa yote, safi kuliko maneno ya waigizaji.

Mwishoni dairekta akaamuru tunyamaze dakika nzima arekodi chumba. Chumba kinasema nini? Eti kila chumba kina ukimya wake, na wakati wa kuediti unawekwa chini ya mazungumzo ili viungio visisikike. Hiyo sebule nailipia mimi, sijawahi hata siku moja kuusikia huo ukimya! Tukasimama. Dakika inakaribia kuisha, tumbo la shemeji yangu likanguruma. Tukaanza upya.

Hawakumaliza, bila shaka. "Tunarudi Jumamosi Anko, pazia lisifuliwe, na hiyo bakuli isisogezwe." Nikaishi wiki nzima naizunguka bakuli ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Jumamosi ikafika, mwigizaji katokea amenyoa upara! Kwahiyo mlangoni anaingia na nywele, akikaa kwenye kochi hana. Suluhisho? Barakashia yangu ya Ijumaa.

Friji nalo walilichomoa kwa sababu linanguruma, wakaenda zao bila kulichomeka. Vibua vyangu! Nilipowaka, kijana ananieleza kwa utulivu kabisa kwamba wazoefu huweka funguo za gari ndani ya friji wanalolizima, ili wasiweze kuondoka bila kulikumbuka. Sasa nyinyi mmekuja na daladala, mngeweka nini humo? Nauli?

Kuediti mpwa wangu akafanyia kwangu pia, usiku, kwa LUKU yangu. Kile kibao cha kupiga "pa!" mbele ya kamera nilidhani ni mbwembwe. Kumbe sauti na picha zimerekodiwa mbalimbali, na huo mlio ndio unaozikutanisha. Siku ya kwanza hawakukipiga, basi nikalala nasikia neno moja linarudiwa mpaka alfajiri. Unaangalia kioo cha kompyuta, mdomo unasema "karibu", sauti inasema "kwaheri". Na kila kitu lazima akihifadhi mara tatu: kompyuta, diski ya nje, flashi. Flashi ipo kwenye kabati la vyombo, nimekatazwa kuigusa.

Filamu imetoka. Dakika saba. Kwa hesabu yao ya picha 24 kila sekunde, hizo ni picha 10,080, na mimi, niliyecheza baba mkwe, niliyekariri maneno mpaka msalani, simo hata kwenye moja. "Anko ulifanya vizuri sana, ila sini yako ilikuwa inapunguza kasi." Kasi! Ulipokuwa unanikalisha juani hiyo kasi ilikuwa wapi? Kunguru yumo. Bakuli imo, tena imepigwa kwa karibu. Mwisho wameandika shukrani kwa "Anko na familia", maandishi yakapita mbio hata miwani sijavaa.

Muhula ujao wanashuti harusi. Kashaanza kuulizia tuna viti vingapi.