Kitu Kimoja Tu

Kompyuta yangu ya mezani ilizima Jumanne, katikati ya sentensi. Nikabonyeza kitufe, kimya. Nikaibembeleza, nikaitukana, kimya. Fundi akaifungua, akainusa (ndiyo, aliinusa), akanionyesha doa jeusi kando ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

"Mazabodi, huu ubao unaounganisha kila kitu, imekufa, mzee. Vingine vyote vizima. Badilisha kitu kimoja tu."

Kitu kimoja tu! Maneno hayo yamenilia usingizi wa wiki nzima.

Na si kwamba nilikurupuka. Nilisoma kwanza. Kuna kipimo cha pamoja cha vifaa vya kompyuta kinaitwa ATX, kipo tangu 1995: mazabodi kubwa ni milimita 305 kwa 244, plagi ya umeme ina pini 24. Nikatafuta inayokubali prosesa yangu na ramu zangu (vile vibao vya kumbukumbu), nikaileta nyumbani nimeikumbatia kama kichanga.

Nikafungua kasha. Waya wa umeme una pini 6. Nikahesabu tena, safari hii kwa kidole. 6. Kumbe walioiunda kompyuta hii hawakutaka mambo ya watu wengine, wakajitungia plagi yao. Pawa saplai yao, kile kisanduku cha kugawa umeme, inatoa volti 12 tu. Zile volti 5 na 3.3 ambazo vifaa vingine vinahitaji zilikuwa zinapikwa na mazabodi yenyewe, yaani marehemu. Kwa hiyo pawa saplai ni nzima kabisa, ila ni mjane asiyetaka kuolewa tena.

Haya, nikanunua pawa saplai. Ikagoma kuingia kwenye kasha, ni nene. Na hata ingeingia, nyuma ya kasha matundu ya USB yamekatwa kwenye bati lenyewe, kwa kufuata sura ya mazabodi ile ile ya zamani. Mazabodi yangu mpya ilipo na tundu, kasha lao lina ukuta. Feni ya prosesa nayo skrubu zake zinashika bati la kasha, si mazabodi. Humo ndani kila kitu ni shemeji ya kila kitu.

Nikanunua kasha. Na feni.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza taratibu, akiangalia maboksi, "si ulisema kitu kimoja?"

Sikujibu. Nilikuwa na tochi mdomoni.

Maana kuna vile viwaya vya kitufe cha kuwashia na vitaa. Kompyuta ya zamani ilikuwa na plagi moja, unachomeka basi. Huku kila kiwaya kinajitegemea, na pini zake ni nyembamba kama sindano, zimebanwa pembeni kabisa, mahali ambapo kidole cha mtu mzima hakifiki. Maandishi ya kuzielekeza ni ya kusomwa na sisimizi. Binti yangu akaniambia kitufe hakijali upande, ila kitaa kina chanya na hasi. Amejulia wapi, sijui. Nilimpa viwaya vyote nikaenda kunawa.

Ikawaka! Feni zikavuma, kitaa kikang'aa (upande sahihi, mtoto alinikumbusha mara mbili). Nikavuta kiti, nikakaa kama mwenye nyumba.

Skrini ikaja ya buluu, na adabu zake. Inasema diski imefungwa kwa usalama, kwa kuwa imejikuta kwenye mashine isiyoijua. Tafadhali ingiza ufunguo wenye tarakimu 48.

Mimi mgeni! Diski ni yangu, picha za harusi humo ndani ni zangu, hata huo uchafu kwenye kibodi ni wangu.

"Ufunguo upo, baba," binti akasema. "Umehifadhiwa kwenye akaunti yako. Ingia kwa simu tu, weka nywila."

Nywila ya akaunti ile sijaiandika kwa mkono miaka mingi. Aliyekuwa akiikumbuka ni mmoja tu, naye ndiye huyo kwenye skrini ananiuliza mimi nani.