Kibao cha Mikindani na Wamakua wa Durban

Siku hizi ukitaja diaspora hapa Mtwara, mtu anamwaza binamu yake aliyeko Marekani, anayetuma dola za kuezekea nyumba. Sina ugomvi na binamu. Ila sisi wa kusini tuna diaspora kongwe kuliko hiyo, na hakuna anayeitaja.

Shuleni tulikariri waliokuja: Washirazi, Waarabu, Wareno, Wajerumani. Sikumbuki mtihani hata mmoja uliouliza nani aliondoka.

Nenda Mikindani. Kuna nyumba yenye kibao cha David Livingstone, na wageni hupigishwa picha mbele yake. Ni kweli alifika, Machi 1866. Je, alifika na nani? Alikuwa na askari wa Kihindi, watu wa Nzwani kutoka Komoro, na vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, huko India. Alikuwemo pia Chuma, Myao, aliyekamatwa na wauza watu akiwa mdogo, akakombolewa, akapelekwa Bombay, na sasa alikuwa anarudi upande wetu wa bahari. Safari ile ilikuwa ya dunia nzima. Kibao kinamjua bwana mmoja tu.

Twende Kilwa. Magofu yake tunajivunia, na tuna haki. Lakini mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitiliana mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumuuzia watu 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Kifaransa, Morisi ya leo na Réunion. Nadhani hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito. Katika hadithi ya waliokuja, sisi ni wenyeji wakarimu. Katika hadithi ya walioondoka, kuna aliyewauza.

Bibi yangu mzaa mama ni Mmakua wa Masasi. Mwaka jana nilimwekea kwenye simu video ya mzee wa Durban, Afrika Kusini, akiongea Kimakua. Bibi alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Mkono ukasimama.

"Huyu wa wapi?"

Nikamwambia wa Durban.

"Muongo. Huyu ni wa ng'ambo ya Ruvuma. Sikiliza anavyokula maneno."

Hakukosea sana. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walichukua watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua wa ng'ambo hiyo ya Ruvuma, Msumbiji, wakawatoa Zanzibar na kuwapeleka Durban kufanya kazi kwa mkataba. Huko wakaitwa Wazanzibari, jina ambalo wajukuu zao wanalo hadi leo. Ubaguzi wa rangi ulipokuja, serikali ikawaandika kuwa Waasia. Mmakua, Mwasia! Bibi alicheka hadi choroko zikamwagika.

Kilichomnyamazisha ni habari ya Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na watu waliokombolewa vilevile, wakashukia Lindi, wakatembea kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakakaa hapo hapo. Yaani watu wa bahati moja, kisiwa kimoja, miaka ile ile: huyu kapandishwa meli ya Durban, yule kapitia Lindi kwa miguu. Ukoo wa Durban na ukoo wa Masasi umetenganishwa na foleni tu.

Wamakonde wa Kenya nao ni wetu, waliovuka kwenda kukata mkonge miaka ya thelathini na kuendelea. Waliishi Kwale bila vitambulisho mpaka mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai uraia. Mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Sisi tulifuatilia kwenye taarifa ya habari kama mambo ya jirani.

Ningekuwa na uwezo, ningebandika kibao cha pili Mikindani, chenye jina la Chuma, na kingine bandarini Lindi.

Bibi alinirudishisha video mara tatu. Kisha akaniomba namba ya simu ya yule mzee. Nikamwambia sina. Akasema nitafute.