Shemeji wa kitanda namba 7

Kabla hujanicheka jua kwamba hilo swali lilikuja kwenye mtihani na nililipata. Utamtambuaje mgonjwa kabla hujamfanyia jambo lolote? Jibu nalijua hata usingizini: usimuulize "wewe ndiye fulani?" maana mtu aliyechoka au mwenye homa au asiyesikia vizuri ataitikia jina lolote utakalomtajia, mwambie ataje mwenyewe majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa halafu ulinganishe na mkanda wa mkononi na faili. Nikaandika hivyohivyo, nikapigiwa vema, nikafaulu, nikaapa, nikapewa leseni. Sasa sikia.

Ilikuwa zamu yangu ya tatu ya usiku nikiwa nesi kamili, si mwanafunzi tena wa kusimama nyuma ya watu. Kalamu nne mfukoni, stethoskopu shingoni, hata msalani nilikuwa naenda nayo. Na kwa kuwa mimi ni mwanaume basi wagonjwa wote wananiita dokta. Usiku wa kwanza niliwasahihisha, jamani mimi ni nesi. Usiku wa pili nikachoka. Usiku wa tatu nikawa naitika kabisa, nadhani shida ilianzia hapo.

Sista kiongozi wa zamu, mama mmoja ambaye miaka yake ya kazi inazidi umri wangu, alikuwa amemruhusu ndugu mmoja wa bwana wa kitanda namba 7 alale wodini, maana huyo bwana alikuwa na upasuaji wa ngiri asubuhi na woga ulikuwa umemshika vibaya. Ila masharti aliyatoa kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho: akae kwenye kiti, nikimkuta kitandani atanitambua.

Saa 10 alfajiri akanituma nikamuandae namba 7, ndiye wa kwanza kwenye orodha. Pima presha, mapigo na joto, hakikisha hajala, punguza nywele za kinena, mvalishe gauni. Kazi ya dakika ishirini mwanangu, alisema.

Nikafika. Kitandani kuna mtu kajifunika blanketi mpaka kidevuni, kiti kitupu, nikasema moyoni ndugu yake kaenda msalani. Nikauliza kwa ile sauti ya kidokta, "Wewe ndiye bwana fulani?" Akafumbua macho, akaniangalia, akaangalia kiti, akasema "mmh." Kwangu mimi "mmh" ilitosha. Mkono alionitolea haukuwa na mkanda wa jina, nikajipa jibu kwamba utakuwa kwenye mkono mwingine, ule wa ndani ya blanketi. Sikuufunua.

Presha 168 kwa 104. Mapigo 112 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia yanatakiwa yawe kati ya 60 na 100. Nikarudia, ileile. Nikamuuliza mzee una wasiwasi? Akasema sana dokta. Nikaandika kwenye faili kwa mwandiko mzuri kabisa.

Hapo ndipo nikaona makombo ya biskuti kwenye shuka.

Damu iliniganda. "Umekula?" Akasema "kidogo tu dokta." Saa ngapi? "Sasa hivi tu." Yaani tangazo la ASILE WALA KUNYWA linaning'inia juu ya kichwa chake! Nikavuta kile kiti nikakaa, nikampa somo lote nililosomea: mtu akipigwa nusu kaputi misuli inalegea, kile kizuizi cha asili cha koo hakifanyi kazi, kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu na mtu akapoteza maisha kwa sababu ya biskuti, ndio maana chakula kinaachwa si chini ya masaa 6 kabla na maji matupu masaa 2. Jamaa alinisikiliza kwa heshima ya ajabu. Akasema sirudii tena dokta, nisamehe. Nikajisikia vizuri mno, nikasema kumbe wagonjwa ukiwaelewesha wanaelewa.

Nikampigia daktari wa usingizi. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelala dakika kumi tu. Nikamwambia mgonjwa wetu wa kwanza kala. Kimya. "Kala nini?" Biskuti. "Ngapi?" Hilo sikulijua, nikakimbia kuuliza, jamaa akasema pakiti, nikamuuliza nusu au nzima, akainamisha kichwa akasema nzima. Nikarudi mbio kwenye simu. Daktari akashusha pumzi ndefu, akasema msogeze awe wa mwisho kwenye orodha, mjulishe na daktari wa upasuaji, na hiyo presha irudiwe. Nikampigia na yule wa upasuaji. Majibu yake niache nisiyaandike.

Kazi nyingine nikaona niimalize ili zamu ya asubuhi wasiseme hawa watoto wapya hawajui kazi. Nikachukua ile mashine ya kupunguzia nywele, nikavaa glavu, nikavuta pazia, nikamwambia "Haya mzee, shusha suruali mpaka magotini."

Sasa hapa hata mimi nilitakiwa nishtuke, mgonjwa anayesubiri upasuaji kavaa suruali ya kitambaa na mkanda wa ngozi. Wala.

Akakaa wima. Akaiangalia mashine inavyonguruma, akaniangalia mimi, jasho linamtoka. "Dokta, lazima?" Lazima mzee. "Zote?" Za kinena tu. Akameza mate, akaanza kufungua mkanda taratibu kama mtu aliyekubali kifo, halafu akasema kwa sauti ya kulia, "Lakini dokta, kwa kukaa kitandani tu? Si mngenitoza hata faini?"

Na wakati najaribu kuielewa hiyo sentensi, pazia likafunguliwa. Bwana mmoja kashika tumbo, mkanda wa jina mkononi unaonekana toka mbali, katoka msalani ambako woga ulimuweka karibu saa nzima. Akatuangalia. Akauliza, "Shemeji, kwani na wewe unapasuliwa?"

Sista nilimkuta kaegemea ukuta wa korido, machozi yanamtoka, hawezi kuongea. Alipopata pumzi akasema neno moja tu, "Mkanda." Mpaka leo sijui alimaanisha wa mkononi au wa suruali.

Kuwapigia tena wale madaktari wawili ndio kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye unesi, na nimeshawahi kufanya nyingine mbaya. Mgonjwa akarudishwa wa kwanza, hajagusa hata tone la maji, na safari hii nilimtajisha majina mpaka akauliza kama namhoji kipolisi. Upasuaji ukaenda vizuri. Faili nalo halifutwi, unapiga mstari mmoja, unaandika tarehe na sahihi yako pembeni, kwa hiyo ile 168 kwa 104 ipo palepale na jina langu mbele yake kwa mtu yeyote atakayetaka kucheka.

Shemeji tulimpima upya alipotulia, mashine imezimwa na suruali imefungwa. Bado ilikuwa 162 kwa 100. Sista akamuandikia aende kliniki, wakampima siku nyingine na nyingine tena, ikawa kweli ana presha na alikuwa hajui, akaanzishiwa dawa.

Siku mbili baadaye alikuja muda wa kuona wagonjwa. Nikamsogezea kiti mwenyewe kwa mikono yangu, karibu mzee kaa. Akakiangalia kiti, akaniangalia mfukoni kama nina mashine, akasema ahsante dokta nipo sawa. Alisimama saa nzima.