Vina Vinapofikiri

Katika shule nyingi za sekondari hapa Dar es Salaam, mwanafunzi wa fasihi huzoezwa kuchambua shairi kwa mafungu mawili: kwanza fani, anapohesabu mishororo, vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi), kisha maudhui, anapotaja dhamira na ujumbe. Utaratibu huo unarahisisha usahihishaji wa mitihani, lakini kwa shairi fupi la kifalsafa naona unakiua kile kile kinachotafutwa. Tazama ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya hoja hii:

Mto wapita daima, jina labaki vinywani,
Maji ya jana yahama, ya leo yapo njiani,
Nami niliyesimama, nikitazama kandoni,
Jua likija kuzama, aliyepita ni nani?

Kidarasa, hii ni tarbia, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti, yenye mizani 16 kwa kila mshororo. Ujumbe utaandikwa kwamba kila kitu hubadilika, jambo ambalo mwanafalsafa wa Kigiriki Heraclitus wa Efeso alikwisha kulisema kwa mfano wa mto zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na ambalo mkazi wa Jangwani, hapa Dar es Salaam, aliyeuona mto Msimbazi wa kiangazi na ule wa masika hahitaji kufundishwa. Kama ni hilo tu, sentensi moja ingetosha.

Fikra yenyewe imo katika vina. Yasome mfululizo maneno yanayofunga ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha kila mshororo: daima, yahama, niliyesimama, kuzama. Kinachodumu, kinachoondoka, anayebaki na kinachotoweka vimeunganishwa kwa sauti moja, hata sikio linausikia undugu wa kusimama na kuhama kabla akili haijakubali kwamba aliyesimama naye anahama. Kisha linakuja neno “aliyepita”, ambalo kwa ngeli yake tu linauacha mto na kumgeukia mtazamaji wa ukingoni. Andika “kilichopita ni nini”, na mizani itatimia, kina kitakaa mahali pake, lakini hakuna atakayeulizwa chochote.

Tangu mjadala uliochochewa na *Kichomi*, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974 yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, tumebishana mno kama vina ni uti wa mgongo wa ushairi au ni pingu, tukasahau kuuliza vinafanya kazi gani katika shairi lililo mbele yetu. Ningefurahi kuona mtihani unaomtaka mwanafunzi abadili neno moja la ubeti bila kuvunja kina wala mizani, kisha aeleze ni fikra gani imepotea.