Siku kumi za misheni: nani anaandika ratiba?

Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Marekani, mchungaji Mkenya John Gatu alisimama mbele ya Wakristo waliokusanyika kusherehekea kazi ya umisheni akawaambia jambo ambalo wengi hawakulitarajia: waondoeni wamishonari wenu, na wasirudi kwa kipindi kisichopungua miaka mitano. Gatu alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA), wala hakuwa na ugomvi na Injili. Hoja yake ilikuwa kwamba kanisa la Afrika halitasimama kwa miguu yake maadamu watu na fedha za kuliendesha vinatoka nje. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ukamuunga mkono, na mjadala ukawaka pande zote mbili za bahari.

Wito wenyewe haukutekelezwa. Kilichotokea sidhani kama hata Gatu, aliyefariki mwaka 2017, alikitazamia: mmishonari wa zamani, yule aliyekaa miaka 20, akajua Kihehe na kuzikwa hapahapa, amekuwa adimu, na nafasi yake imechukuliwa na mmishonari wa siku kumi. Mwanasosiolojia Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa utafiti wa mwaka 2005, alikadiria kwamba waumini wa Kimarekani wapatao milioni 1.6 husafiri nje kila mwaka kwa safari fupi za misheni. Sehemu yao hushukia kwetu Tanzania. Simama uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) au ule wa Julius Nyerere mwezi Juni utawaona: fulana za rangi moja zenye aya ya Biblia mgongoni, na masanduku ya ziada yaliyojaa kalamu, mipira na dawa za minyoo.

Lawama kubwa dhidi ya safari hizi ni gharama, na hesabu zake zinauma. Kurt Ver Beek, mwanasosiolojia Mmarekani aliyeishi miaka mingi Honduras, alifuatilia nyumba zilizojengwa huko baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba iliyojengwa na kikundi cha kanisa kutoka Amerika Kaskazini ilifikia wastani wa dola 30,000 ukihesabu na nauli. Mashirika ya Kikristo ya Honduras yalijenga kwa dola 2,000. Kwa familia zilizopewa nyumba hakuona tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na Wahonduras wenzao. Hata wasafiri wenyewe, wale waliorudi wakisema maisha yao yamebadilika, wengi hawakuonyesha badiliko kubwa la kudumu, wala katika utoaji wao.

Tuifanye hesabu hiyo kwa shilingi. Mwaka 2021 Serikali yetu ilijenga madarasa ya fedha za UVIKO kwa Sh milioni 20 kila moja. Tuseme kikundi cha watu 12 kinakuja Iringa na kila mmoja anatumia dola 3,000, nauli, malazi na siku mbili za kuangalia tembo Ruaha zikiwamo. Kwa dola ya Sh 2,500, hizo ni Sh milioni 90: madarasa manne na chenji. Wao wanapaka rangi darasa moja, au wanajenga ukuta mmoja.

Na ukuta wenyewe una mambo yake. Fundi wa kijiji, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za eneo hilo, anajikuta amekuwa saidia fundi wa kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushika mwiko. Anamletea udongo, anamsifia. Jioni wageni wakienda kuoga, fundi anabomoa kozi tatu za juu na kuzipanga upya kwa timazi. Asubuhi ukuta umenyooka, picha zinapigwa, na hakuna anayesema neno. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wanaliomba jembe siku ya kwanza, na mwenyeji anaona haya kuwanyima.

Baada ya hesabu kama hizo mkosoaji husema: basi wabaki kwao, watume hela. Hapo ndipo nami naachana naye, kwa kuwa hela hiyo anayoizungumzia haipo. Mama wa jimbo la Minnesota, Marekani, aliyeoka keki na kuziuza baada ya ibada alichangiwa kwa sababu watu wanamjua na ana safari. Futa safari, na zile milioni 90 hazigeuki madarasa manne. Zinabaki mifukoni mwa waliozitoa. Tena ufadhili wa kudumu hufuata sura za watu. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) na Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, ya ELCA, kanisa la Kilutheri la Marekani, wana uhusiano wa miaka mingi uitwao Bega kwa Bega: usharika wa huku umeunganishwa na usharika wa kule, na vijana wengi wamesomeshwa sekondari kwa ada zilizotoka kwa washirika hao. Mtu halipi ada ya mtoto wa Kilolo miaka minne mfululizo kwa kusoma ripoti. Analipa kwa kuwa amekula ugali nyumbani kwao.

Kuna faida nyingine ambayo hatupendi kuitaja kwa sauti. Mweka hazina akijua kwamba wageni watakuja Julai na wataomba kuoneshwa kisima, kisima kinachimbwa. Anayedhani hilo ni tusi kwa kanisa letu hajawahi kukaa kwenye kikao cha mapato na matumizi.

Kwa hiyo swali kwangu ni wanakuja kama nani. Ndani ya uhusiano kama ule wa Iringa, mgeni anayekuja kusalimia, kusali na kuuliza habari za wale anaowasomesha ni mgeni hasa, na Sinodi yake haina haja ya kumpa mwiko ili safari ionekane halali. Hata takwimu za makanisa zinamshauri aje hivyo. ELCA ilipoundwa mwaka 1988 ilikuwa na waumini zaidi ya milioni 5. Leo hawafiki milioni 3. KKKT ina zaidi ya milioni 7. Anayetoka kwenye kanisa linalopungua kuja kwenye kanisa linalofurika hadi watu wanasikiliza mahubiri dirishani ana zaidi la kujifunza kuliko la kufundisha. Wengi wao, nikiri, hulisema hilo wenyewe.

Ugumu uko kwenye kukataa. Barua pepe inafika Februari: tunakuja Julai, tupo 14, tungependa kuendesha semina ya Biblia kwa watoto na kujenga chochote mnachohitaji. Wazee wa kanisa wanakaa. Kila mmoja anajua kwamba Julai ni mavuno ya mahindi, kwamba shule zimeshafunguliwa, na kwamba kinachohitajika ni ada ya mwinjilisti aliye chuoni, kitu ambacho hakijengwi wala hakipigwi picha. Mchungaji anajibu kwa mstari mmoja: karibuni sana, mgeni njoo, mwenyeji apone. Angejibu nini? Watoto 20 wa usharika wake wanasubiri ada kutoka kwa watu haohao.

Kisha inaundwa kamati ya mapokezi. Kila kaya inachanga elfu tano. Mbuzi wanatafutwa, kreti za soda zinaagizwa mjini, kwaya inafanya mazoezi kila jioni, akina mama wananunua vitenge vya kuwavisha wageni. Siku ya ujio masomo yanasimama tangu asubuhi, na kwa kuwa gari limechelewa, watoto wanasimama barabarani na matawi hadi saa tisa alasiri. Gharama hii haiingii kwenye bajeti ya mtu yeyote Minnesota, kwa sababu hakuna aliyewaambia, na huku tungeona aibu kuwaambia.

Lakini nisimfanye mwenyeji kuwa mnyonge tu. Furaha ya siku ile ni ya kweli. Bibi aliyeshikwa mkono na kuombewa kwa lugha asiyoijua atalisimulia jambo hilo miaka, na ukimwambia kwamba ametumiwa atakushangaa. Watu wetu wanapenda kupokea wageni na wanajua kuifanya kazi hiyo kwa ustadi. Wanaostahili kuulizwa ni viongozi wanaopanga tarehe bila kuwauliza wakulima.

Yapo maeneo mawili ambako sioni pande mbili za kupima: watoto na tiba.

Januari 2010, siku 17 baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi wa Marekani, wengi wao kutoka Idaho, walikamatwa wakijaribu kuvuka mpaka kwenda Jamhuri ya Dominika na watoto 33 bila hati. Waliwaita yatima. Ikabainika kwamba wengi walikuwa na wazazi hai. Kiongozi wao alipatikana na hatia ya kupanga safari isiyo halali, na wenzake wakaachiwa. Mwaka 2016 kijana wa Oklahoma aliyekuwa akija kujitolea kwenye kituo cha watoto Nairobi alihukumiwa na mahakama ya kwao kifungo cha miaka 40 kwa kuwanajisi watoto wa kituo hicho. Kenya ilikuwa na sababu za kutosha iliposimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017. Hata pasipo uhalifu, mtoto wa kituo anayekumbatiwa na sura mpya kila baada ya wiki mbili na kuachwa kila mara anafundishwa jambo baya kuhusu watu wazima. Kikundi chenye vituo vya yatima kwenye ratiba kiombwe kuviondoa.

Kwenye tiba sheria zipo, tatizo ni upole wetu. Daktari wa nje anatakiwa awe na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mgonjwa, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika nchini. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayegawa vidonge chini ya mwembe hatimizi lolote kati ya hayo, hata kama mwembe uko kwenye kiwanja cha kanisa. Daktari bingwa anayerudi hospitali ileile kila mwaka na kuwafundisha wapasuaji wa pale ni habari nyingine kabisa, na huyo tumshikilie.

Linabaki suala la kurudishiana ziara. Mwaka 2023 ada ya maombi ya viza ya matembezi ya Marekani ilipandishwa hadi dola 185, na hairudishwi ukinyimwa. Kwa ada hiyo, kwaya ya watu 12 ingeweza kupoteza dola 2,220 bila kupanda ndege. Ningependa kuona dayosisi zinaweka sharti kwamba kila kikundi kinachokuja kichangie mfuko wa kupeleka wenyeji kule, pamoja na hasara ya ada za viza, na kwamba ratiba ya kwanza iandikwe na halmashauri ya usharika, Kiswahili kwanza, gharama za mapokezi zikiwa zimeorodheshwa hadi kreti ya mwisho ya soda. Na Julai ikiwa ni mavuno, jibu liwe njooni Septemba. Najua vijana wa sekondari wa Minnesota watakuwa wamerudi shule. Basi waje wazazi wao.