Kufuata Dau na Kushindwa Si Lazima Liwe Kosa

Mnacheza poka, na mezani kuna 100 za kugombea. Mpinzani anasukuma dau la 50. Karata za wote zilizofunuliwa mezani ni ree ya kopa, tisa ya kopa, nne ya pau, saba ya shupaza na mbili ya uru. Wewe umeshika ree ya shupaza na kumi ya uru. Unafikiri, unafuata dau kwa kuweka 50 nawe, naye anafunua tisa mbili: pamoja na ile ya mezani ana tisa tatu, na ree zako mbili zimeshindwa. Waliokaa pale wanatikisa vichwa. Ungetupa karata, wanakuambia.

Hukumu hiyo naikataa. Unatoa 50 kugombea 150, yaani ile 100 na dau lake, kwa hiyo katika kila mara nne unahitaji kushinda mara moja tu ili usipate hasara. Robo. Watu wa poka huitaja robo hiyo harakaharaka, lakini hebu tuihesabu. Mwenye kopa mbili mkononi alikuwa akiisubiri kopa ya tano, ili awe na karata tano za aina moja, na haikuja; hana njia ya kushinda isipokuwa kukutisha kwa dau. Tuseme hali hiyo hutokea mara tatu katika kumi. Mara saba utapoteza 50, jumla 350. Mara tatu utapata 150, jumla 450. Umepata faida ya 100, na bado meza nzima imekuona ukishindwa mara saba! Anayetupa karata kila mara huikwepa aibu hiyo, na hiyo 100 huiacha palepale. Dau lingekuwa 100, ungehitaji theluthi, na kwa makisio yaleyale karata zilezile ungezitupa. Ukubwa wa dau unabadili uamuzi wote.

Wanaopima kwa matokeo nao wana hoja. Ile tatu katika kumi ni makisio. Wapo wachezaji ambao karata ya mwisho ikishatoka hawatishi kamwe, na kwao robo hiyo haipo. Mwenye akiba ndogo naye aweza kufilisika kabla hesabu haijamlipa. Tena kauli ya "niliamua sawasawa" ni kichaka kizuri cha mzembe kujifichia. Hoja hii ya mwisho naiona nzito kuliko zote.

Lakini duru moja haiwezi kumfichua mzembe huyo. Mwaka 2017 Libratus, programu ya kompyuta ya kucheza poka kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipambanishwa na wachezaji wanne wa kulipwa jijini Pittsburgh. Zilichezwa duru 120,000 kwa siku 20, maana kwa duru chache bahati ingefunika ustadi.

Cha kumbana mzembe ni makisio yake mwenyewe, ayaandike kabla hajaona karata za mpinzani. Ameandika tatu katika kumi? Baada ya miezi kadhaa ahesabu ni mara ngapi kweli alikuwa anatishwa. Ikiwa ni mara moja katika kumi, kosa lake liko hapo, hata katika zile duru alizofuata dau akashinda.